Ukuta wa Sukhi

Je, mama aliyemwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, akamchana nywele, akamfunga kitambaa cheupe kichwani na kumtazama akitolewa mlangoni, anaweza kweli kuamini neno la mtoto wa fundi kwamba mwanawe hakuchomwa moto, bali yumo ndani ya ukuta, mzima? Nimelibeba swali hili tangu utotoni. Nililibeba hadi chuo kikuu, nilikosoma historia na kufundishwa kwamba kila tendo la binadamu lina sababu inayoweza kutafutwa na kupatikana. Sijaipata. Mtoto wa fundi alikuwa mimi.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya muuza vitabu vikuukuu aliyevitandaza juu ya turubai, nikaokota kimoja kisicho na jalada. Kilikuwa kitabu cha picha za dini na historia ya Makalasinga, chenye maelezo mafupi katika maandishi nisiyoyajua. Kurasa zilinuka unyevu na mafuta ya kupikia, kana kwamba kilikaa miaka mingi jikoni kwa mtu. Nilizipindua polepole: mzee mwenye ndevu nyeupe ameinua kiganja, shujaa juu ya farasi, mwewe mkononi, kisha watoto wawili wamesimama bega kwa bega, mawe yamewafika kifuani, na pembeni yao fundi ameinama na mwiko wake.

"Mama, unanunua ama unasoma tu?" muuzaji akaniuliza.

Nilikirudisha kitabu mahali pake, nikaenda kutafuta pa kuketi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mawe. Aliondoka kwao chini ya Mlima Elgon akiwa kijana, akaja Sisibo, kama wazazi wetu walivyouita mji wa Eldoret, akachukuliwa na mkandarasi mmoja Kalasinga, Bwana Harnam, aliyemfundisha kuchonga jiwe, kuvuta kamba na kusoma pimamaji ili kujua kama jiwe limekaa sawa. Nilipopata akili tulikuwa tukiishi katika vyumba viwili nyuma ya kiwanja cha Bwana Harnam, mahali palipojaa mbao za msitu wa Kaptagat na mawe yaliyoletwa kwa magari ya ng'ombe. Nyumba ya Bwana Harnam ilikuwa mbele, yetu nyuma, na katikati palikuwa na uwanja wa vumbi. Uwanja huo ulikuwa wetu sisi watatu: mimi, Jito, binti wa Bwana Harnam, aliyekuwa rika langu, miaka minane hivi, na mdogo wake Sukhi, aliyekuwa na miaka sita na kifundo cha nywele juu ya kichwa kama kitunguu.

Hatua mia moja kutoka hapo lilikuwa hekalu lao. Siku za Jumapili, tukishatoka kanisani, Baba alinipeleka huko kula. Kwa msomaji wa leo hilo ni jambo dogo. Wakati ule palikuwa na maduka ambayo Baba alihudumiwa kupitia dirishani, na mitaa ambayo aliipita akiwa ameshika kofia mkononi. Hekaluni alivua viatu kama kila mtu, akafunika kichwa kwa leso, akaketi sakafuni kwenye mkeka mrefu, na Bwana Harnam mwenyewe, tajiri wake, akapita mbele yake ameinama na ndoo ya dengu, akimuuliza, "Fundi, ongeza?" Baba hakuwahi kuniambia chochote juu ya jambo hilo. Ila niliona kwamba chapati ya hapo aliila polepole kuliko chakula chochote cha nyumbani.

Mama hakuwa anakwenda. "Leo tena mmekuwa Makalasinga?" alituuliza tuliporudi. "Nafula, kuja nikufunge kilemba. Na baba yako aanze kufuga ndevu, tumalize maneno."

"Chakula ni chakula, Mama Nafula," Baba alijibu.

"Chakula ni chakula, lakini mnainamia kitabu. Nilisikia."

Ilikuwa kweli. Katika ukumbi mkubwa palikuwa na Kitabu chao kitakatifu, nacho walikitunza kama mtu mkubwa aliye hai. Kilipepewa kwa usinga wa manyoya meupe, jioni kikabebwa juu ya kichwa hadi chumba chake, kikalazwa kitandani na kufunikwa shuka. Mimi nililala kwenye ngozi sakafuni, na nakiri kwamba nilikionea wivu kitabu.

Picha hazikuwa katika ukumbi huo. Zilikuwa katika chumba cha kulia, zimepangwa ukutani mstari mmoja. Kanisani kwetu hapakuwa na picha hata moja. Kuta zilikuwa nyeupe kama uji. Kwa hiyo macho yangu yalizishukia picha hizo kwa njaa kubwa kuliko ya tumbo. Mama Jito, mke wa Bwana Harnam, aliiona njaa hiyo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini na mikono iliyonuka unga na mafuta ya haradali. Baada ya kusugua masufuria alituketisha watatu chini ya picha, akatusimulia moja baada ya nyingine. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wahindi wa bara, na changu kilikuwa na Kibukusu tele ndani yake. Hakuna aliyekuwa mwenyeji wa lugha ile, na labda ndiyo sababu tulielewana.

"Picha hapana Mungu," alituambia kila mara kabla ya kuanza. "Picha ya kukumbuka tu."

Tulipofika kwenye picha ya watoto wawili nilisahau kupumua. Walikuwa wana wa Guru wao wa kumi, yaani mwalimu mkuu wa dini yao, mmoja wa miaka tisa, mwingine mdogo zaidi. Mtawala wa nchi aliwaambia waache dini ya baba yao. Walikataa. Akaamuru wajengewe ukuta wangali wamesimama. Mchoraji alikuwa amewapa nyuso tulivu, vilemba vya rangi ya machungwa na mashavu yenye afya. Mimi, hata hivyo, nilimtazama fundi. Alikuwa kifua wazi, mweusi kuliko wote pichani, magoti yamepinda sawasawa na ya Baba anapopanga safu ya chini. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeona kazi ya Baba ndani ya picha.

"Mama, huyu fundi ni mbaya?" nikauliza.

Mama Jito alifikiri. "Fundi hapana baya. Fundi naambiwa tu."

"Na hawa watoto, walikufa?"

Akanishika kidevu, akanitazama. "Hapana kufa. Miaka mingi, mingi, wao iko. Wewe naona wao, sivyo? Wao iko."

Leo naelewa alichosema. Ni jambo ambalo kila dini huliambia watoto wake juu ya mashahidi wake. Wakati ule nilielewa maneno kama yalivyosemwa: watoto waliojengewa ukuta hawafi. Wamo.

Sukhi alielewa kama mimi. Kuanzia siku hiyo hakutaka mchezo mwingine. Alisimama katikati ya kiwanja, mikono ubavuni, nasi tukamzungushia matofali mabovu na vipande vya mawe mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani.

"Lia basi," Jito alimchokoza. "Ukilia tunakutoa."

"Silii! Wewe ndiyo unalia, mbwa akikuangalia tu unalia. Nafula, ongeza! Mpaka juu!"

"Mawe imeisha."

"Baba yako iko na mawe mingi. Enda leta!"

Na Baba, akipita na mkokoteni, alisimama, akaukagua ukuta wetu kwa uso mkavu kabisa, akasema, "Hiyo kona imelala. Bwana mdogo, waambie mafundi wako wavute kamba," Sukhi akacheka mpaka matofali yakaporomoka.

Mwaka huo Baba alikuwa akijenga ukuta wa kuzunguka kiwanja cha hekalu. Ulikuwa ukuta mnene wa pande mbili, mawe ya kuchongwa nje na ndani, na katikati nafasi ya kujazwa kokoto na udongo. Walikuwa wamefunga pande zote isipokuwa pengo moja upande wa mto, walilolibakiza ili magari ya ng'ombe yapite na mawe. Kazi ilikuwa karibu kwisha.

Kisha Sukhi akaugua koo. Siku ya kwanza alikataa chapati. Siku ya pili sauti yake ilikuwa kama ya kuku mgonjwa. Jito na mimi tulizuiwa kumkaribia. Siku ya nne, asubuhi, nilimsikia Mama Jito. Sitaki kuieleza sauti ile. Aliyepata kuisikia anaijua, na asiyeisikia namwombea asiisikie.

Watu walijaa. Wanawake waliketi ndani, vitambaa vyeupe kichwani. Nilisimama karibu na mlango nikishikilia sketi ya Mama, ambaye alikuwa ameweka kando maneno yake yote kuhusu Makalasinga na kuja kulia nao. Nilimwona Sukhi akitolewa. Alikuwa amefungwa shuka jeupe, uso wazi, kitambaa safi juu ya kitunguu chake. Wanaume walimbeba juu juu kama asiye na uzito. Walipita kiwanja cha hekalu wakielekea upande wa mto, wakalifikia pengo la ukuta. Baba alikuwa pale pale, kando ya pengo, kofia mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Hapo mwanamke mmoja akanigeuza kichwa, akaturudisha ndani mimi na Jito.

"Tunaenda na wao?" nilimnong'oneza Jito.

"Wasichana hawaendi. Mama pia haendi. Wanaume tu."

Hivyo ndivyo desturi ilivyokuwa: mahali pa kuchomea maiti, kando ya mto Sosiani, hapakukanyagwa na mwanamke. Jito hakujua kilichofanyika huko, na mimi nilijua kidogo kuliko yeye, maana kwetu mtu akifa alichimbiwa shimo mbele ya macho ya watoto wote, tukatupa udongo kwa mikono yetu, na kilima kikabaki cha kuonyesha.

Jioni nilitoka. Pengo la ukuta halikuwapo. Mahali pake palikuwa na mawe mapya, simiti bado mbichi, nyeusi kwa maji. Baba alikuwa akinawa chokaa kwenye pipa, akisugua tena na tena mikono iliyokwisha kutakata. Sasa najua kwamba magari ya mawe yalikuwa yamemaliza safari zao, na kwamba wazee wa hekalu walimwomba afunge njia hiyo siku ile ile, ili Mama Jito asiwe analitazama kila siku pengo ambalo mwanawe alipitishwa. Sasa najua pia kwa nini hakuacha kusugua: alikuwa amempenda bwana mdogo.

"Baba, Sukhi ako wapi?"

"Nyamaza, Nafula."

"Wamemweka wapi?"

"Hayo si maneno ya watoto. Enda ndani."

Nilikwenda ndani, nami nilikuwa nimekwisha kujua. Kaburi halikuwapo. Sukhi alipelekwa kwenye pengo, na pengo lilikuwa limefungwa na fundi, na fundi naambiwa tu.

Nilimweleza Jito siku iliyofuata. Hakushangaa hata kidogo. Alikaa akitafuna ncha ya msuko wake, kisha akasema, "Yeye alitaka mpaka juu." Tukaenda ukutani. Tulibandika masikio kwenye jiwe, moja huku, moja kule. Jiwe lilikuwa baridi, na kwa ndani palikuwa na mlio fulani, kama wa maji mbali sana. Sasa naamini ulikuwa mlio wa damu katika masikio yetu. "Anapumua," Jito alisema. Tangu hapo tulikwenda kila alasiri. Tulimweleza habari za kiwanja: paka amezaa, mbwa wa jirani Kaburu amegongwa, Jito ameng'oka jino. Katika ufa mdogo kati ya mawe mawili tulisukuma dengu za kukaanga, moja moja, kwa kijiti. Tulikuwa na furaha. Lazima niliseme hilo, ingawa linanichoma: katika wiki zile za matanga, watoto wawili walikuwa na furaha, kwa sababu hakuna aliyekufa.

Nyumbani kwa Jito, wakati huo, Kitabu kilisomwa tangu mwanzo hadi mwisho, siku nyingi mfululizo. Kisomo kilipokwisha na wageni walipoondoka, Mama Jito alirudi jikoni hekaluni. Alikanda unga kama zamani. Ila alikuwa akikanda hadi unga unakuwa mgumu, na mwanamke mwenzake akawa anakuja kuuondoa chini ya mikono yake.

Alasiri moja alitukuta. Tulikuwa tumepiga magoti chini ya ukuta, Jito akiwa na kijiti, mimi na dengu viganjani.

"Nyinyi nafanya nini hapa?"

Jito aliinamisha kichwa. Mimi nilimtazama Mama Jito. Alikuwa amekonda, ngozi ya mikono imelegea kama nguo ya kuazima, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kufanya chochote, kama mtu anayetokwa na jasho. Nilimhurumia kwa huruma yote ya mtoto, ambayo haijui mipaka wala hatari. Nilifikiri: yeye ndiye aliyetuambia, na yeye mwenyewe amesahau!

"Mama, usilie," nikamwambia. "Sukhi hakufa. Ako hapa ndani. Baba yangu alimjenga."

Hakupiga kelele. Aliketi chini vumbini, taratibu, mgongo wake ukiteleza kwenye ukuta. Akanivuta mkono mpaka uso wangu ukawa karibu na wake.

"Nani naambia wewe?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli: hakuna, nimefikiri tu. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Kitu kilikuwa kimefunguka ndani yake, kama pazia linaposogezwa kidogo na mwanga ukaingia, na mimi ndiye niliyelisogeza. Sikutaka lifungwe.

"Niliona," nikasema.

"Wewe naona? Na macho yako?"

"Niliona na macho yangu. Alisimama. Hakulia."

Huo ndio uongo wangu. Nimekosa mambo mengi katika maisha, mengine kwa kukusudia, lakini hakuna kosa ninalolikumbuka kwa mwili wangu wote kama hilo: ladha ya vumbi, harufu ya haradali, na mkono wake ukinibana kifundo cha mkono mpaka ukaacha alama.

Kesho yake Mama Jito hakwenda jikoni. Alikwenda ukutani. Alibandika sikio kwenye jiwe kama sisi, akakaa hivyo mpaka jua likamfikia. Kesho yake tena, na siku zilizofuata. Hakula alicholetewa, alikimega vipande vidogo na kuvisukuma kwenye ufa wetu. Jito, badala ya kufurahi kwamba sasa tuko watatu, aliogopa. Mtoto anaweza kucheza na jambo mradi mtu mzima halichezi. "Mwambie aache," aliniambia, akilia. "Wewe ndiye ulimwambia." Sikumwambia. Niliacha kwenda ukutani, nikajificha kati ya mbao. Toka siku hiyo Jito na mimi hatukucheza tena, na kabla ya mwaka kwisha jamaa zake wa Kisumu walimchukua akasomee huko. Sijui kama yu hai.

Siku moja wanawake walimkuta Mama Jito akikwangua simiti kwa kijiko cha jikoni. Vidole vilikuwa vinatoka damu.

Jioni hiyo Bwana Harnam alikuja kwetu. Alikuwa hajawahi kuingia katika vyumba vyetu. Aliinama mlangoni kwa sababu ya kilemba, Mama akampangusia kiti cha pekee, naye akaketi na mikono mikubwa juu ya magoti. Nilikuwa kwenye ngozi yangu nyuma ya pazia.

"Fundi," akasema, "mke yangu nasema wewe jenga mtoto ndani ya ukuta."

Mama alishika mdomo. Baba alisimama.

"Bwana Harnam! Mimi?"

"Kaa, fundi. Mimi jua. Mimi washa moto na mkono hii. Siku ya tatu mimi okota mifupa, mimi peleka mtoni. Mimi naambia yeye. Yeye nasema mimi danganya." Akaigeuza mikono yake magotini. "Yeye hapana ona moto. Sisi wanaume tu naona. Yeye naona mtoto natoka mlango, basi. Sasa mimi tapa yeye nini? Majivu naenda na maji."

"Nani amemwambia hiyo maneno?" Baba akauliza.

Bwana Harnam alitazama pazia, na nilijua kwamba Jito alikuwa amesema.

Nilitoka mwenyewe. Sikuwa shujaa, nilitoka kwa sababu nilikuwa nimejikojolea na ngozi ilikuwa imelowa. Nilisimama katikati ya chumba, nikasema kila kitu: picha, mawe, pengo, simiti mbichi, dengu. Nilipofika kwenye "niliona", Baba akaniuliza, pole kabisa, "Uliona nini, Nafula?"

"Sikuona kitu."

Nilingoja kofi. Mama alianza kulia. Bwana Harnam alijifuta ndevu kwa kiganja, akasema neno kwa lugha yake, kisha akaninyooshea mkono, akaniweka kiganja kichwani, akakiacha hapo. Mkono ule ulikuwa mzito. Nilitamani lingekuwa kofi.

"Nitafungua," Baba akasema.

"Utafungua nini?" Mama akageuka. "Ukuta ya hekalu? Ukionekana unabomoa, na hayo maneno ya mtoto ikishasikika, wewe utaenda kusema nini kwa polisi? Kwamba fundi Mwafrika anatafuta mtoto wa Mhindi ndani ya ukuta aliyojenga mwenyewe? Baba Nafula, tuondoke. Turudi nyumbani kesho."

"Kamati ya hekalu nakataa," Bwana Harnam akasema. "Mimi uliza wao leo. Wao nasema ukuta ya Guru hapana kuvunja kwa sababu ya mwanamke gonjwa."

"Na wewe unasema nini, Bwana?" Baba akauliza.

Koroboi ilikuwa ikitoa moshi. Mama hakuinuka kuikata utambi.

"Mimi taka kula na mke yangu," Bwana Harnam akasema.

"Basi nitafungua," Baba akarudia. "Asubuhi, kabla watu hawajakuja. Mimi ndiye niliyeifunga. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze kwa kazi ambayo nimefanya, si kwa ile sikufanya." Kisha akanigeukia. "Na wewe utakuja. Utamwambia wewe mwenyewe."

Asubuhi palikuwa na ukungu wa baridi ya Uasin Gishu, ule unaolowesha nyusi. Baba alibeba nyundo, tindo, pimamaji, karai na mwiko. Mimi nilibeba ndoo ya maji. Mama Jito alikuwa amekwisha kufika, shali imemfunika kichwa, na Bwana Harnam amesimama hatua chache nyuma yake bila viatu, kana kwamba yuko ukumbini. Baba aliwaamkia. Alitafuta alama zake mwenyewe, akatia tindo, akapiga. Sauti ilikwenda mbali kwenye ukungu, nami nilidhani mji mzima umeisikia.

Alitoa jiwe la kwanza, la pili, la tano. Hakuyatupa, aliyalaza chini kwa mpangilio. Tundu lilipotosha bega la mtu mzima, alirudi nyuma, akaweka nyundo chini.

"Mama," akamwambia, "tazama."

Mama Jito alipiga magoti. Aliingiza mkono mpaka bega, shavu likabanwa na jiwe. Tulisikia kokoto zikiporomoka ndani. Alitoa konzi ya udongo na changarawe, akaifungua mbele ya macho yake, akaimwaga, akaingiza mkono tena. Alitoa tena. Mara ya tatu alitoa mkono mtupu.

Baba alinigusa mgongoni. Maneno niliyoyapanga usiku kucha yalikuwa yamekwisha.

"Mama, nilidanganya. Sikuona. Nilitaka tu usilie."

Alinitazama. Sikuweza kusoma uso wake wakati ule na siwezi sasa. "Mimi jua," akasema mwishowe. Kisha akamgeukia mumewe, akamwuliza jambo kwa lugha yao, maneno mawili matatu, naye akajibu. Akauliza tena, naye akajibu kwa kirefu, akionyesha mtoni, akionyesha urefu wa kuni kwa mikono. Nilifahamu kwamba alikuwa akimsimulia moto, tangu mwanzo, na kwamba alikuwa hajaulizwa kabla ya hapo. Mama Jito alisikiliza akiwa amepiga magoti, mkono wenye udongo umelala mapajani. Alipolia, kilikuwa kilio cha kawaida, cha mtu aliyefiwa.

Baba alikuwa amekwisha kukoroga simiti. Jua lilikuwa linatoka, na upande wa barabarani watu wa kamati walikuwa wanakuja, wawili, kisha watatu, wakasimama mbali walipotuona. Baba aliinama kuanza kurudisha mawe. Mama Jito alikuwa karibu nayo; alinyanyua moja, akampa. Akampa la pili. Bwana Harnam alisogea kusaidia, mkewe akatikisa kichwa, naye akarudi alikokuwa. Hivyo wakaenda, fundi na mama, jiwe kwa jiwe, bila neno, mpaka likabaki moja.

Baba alilinyooshea mkono. Mama Jito hakumpa.

"Hapana, fundi," akasema. "Mimi."

Baba alimpa mwiko. Naye akapaka simiti nyingi kupita kiasi, kwa kiganja na kwa mwiko, kama apakaye samli kwenye chapati, akalisukuma jiwe mahali pake na kulipigapiga kwa ngumi mpaka likashika. Lilikaa upande, kona moja imetoka nje kidole kizima. Baba alikuwa na pimamaji mkononi. Alilitazama jiwe, akamtazama Mama Jito, kisha akakitia kile chombo ndani ya karai bila kulipima, akachukua ndoo yangu na kuanza kummwagia maji mikononi ili anawe.